Namna Wambweha Wanavyobadilika

Wiki iliyopita nilivaa ndala za mwanamke aliyekufa, nikajifunga kanga yake, nikatembea kama yeye mbele ya watu waliokuja kumzika. Alikuwa mtani wetu, Bi Zaina. Kwetu upande wa Handeni kila ukoo una ukoo mwenzake wa utani, na msiba ukiingia kwenu, wao ndio wanaokuja kuwachekesha. Wanajilaza mlangoni jeneza lisipite mpaka wapewe kitu, wanavaa nguo za marehemu, wanaiga sauti yake, wanamsema kwa maneno ambayo mtu mwingine akiyatamka atapigwa. Wao wakifiwa, zamu ni yenu. Safari hii zamu iliniangukia mimi, kwa sababu wakubwa wetu wamechoka na wenzangu wa rika langu wengi wako Dar es Salaam, na kwao utani ni vichekesho vya kutumiana kwenye simu.

Nilijiandaa kupita kiasi. Nafanya kila kitu hivyo. Sikusoma mbali, nilichonacho nimejifundisha mwenyewe, na mtu wa namna yangu anaishi na hofu kwamba kuna ukurasa mmoja ambao wenzake wote waliusoma, yeye ukampita. Kwenye basi kutoka Korogwe nilirudia kimoyomoyo jinsi Bi Zaina alivyokuwa akiburuta mguu wa kushoto, na jinsi alivyovuta pumzi kabla ya kusema jambo la kukera. Nilipofika nikafanya. Watu walicheka, ila walichelewa kidogo kucheka, na mpaka sasa naufikiria ule muda mfupi kabla hawajacheka.

Lakini kilichonitoa jasho si wao. Chini ya turubai alikaa mtoto wa kike, mjukuu wa marehemu nadhani, na yeye hakucheka kabisa. Aliziangalia zile ndala miguuni mwangu, akanipanda kwa macho taratibu mpaka usoni, kama mtu anayelinganisha. Nikajua anachofanya. Nimekuwa mtoto yule. Tangu siku hiyo sijatulia. Naanza kupika naacha, naanza kufua naacha, na haya maneno nimeyaanza na kuyafuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Baba alifanya kazi Ngombezi, kwenye mashamba ya mkonge. Alikuwa kwenye korona, ile mashine inayosaga majani ya mkonge na kubakiza nyuzi. Tuliishi kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi zilizoungana ukuta kwa ukuta kama mabehewa. Ukiniuliza utoto wangu ulinukiaje nitakwambia ulinuka maji ya mkonge, uchachu mzito unaokaa kooni, kama togwa lililosahauliwa juani. Baba alirudi nao kila siku. Maji yale yanawasha, kwa hiyo jioni mama alimpaka mafuta kuanzia kwenye viwiko kushuka chini, na mimi nilikaa katikati yao nikisikiliza habari za watu wa kambini ambazo sikutakiwa kuzielewa.

Aliugua msimu wa mvua. Homa ilimpanda, ikashuka, ikapanda tena, na safari ya mwisho iliyompanda sikumbuki iliishaje kwa sababu watoto tulihamishiwa nyumba ya jirani. Nakumbuka tu kwamba kabla ya kuhamishwa nilimshika sikio na lilikuwa la moto hata nikautoa mkono. Kilichofuata ni gari, na matope, na kijijini kwa bibi upande wa Handeni, na watu wengi kuliko nilivyowahi kuwaona kwenye ule uwanja.

Nilikuwa nimekaa na wanawake pale Bi Zaina alipotoka nyuma ya nyumba akiwa amevaa koti la baba. Koti la kazi, la bluu, lenye harufu ileile. Alikuwa amevaa na kofia yake, ameiinamisha upande kama yeye. Akatembea mikono ikiwa nyuma, tumbo mbele, akasimama katikati ya uwanja akakohoa kikohozi cha baba, kile cha kujitangaza. Kisha akaniita. Aliliita jina langu kama baba alivyoliita, akilivuta mwishoni. Mimi nikainuka nikakimbia.

Alinidaka kwa mkono mmoja, akanibana kwenye lile koti, na bila kuniachia akawageukia waombolezaji.

"Mnamlilia nani nyie?" akasema. "Huyu hajafa. Hawa watani zangu si watu, ni mbweha ukoo mzima. Kageuka tu, kachoka kazi. Ngojeni mahindi yakauke, mtamwona anarudi kuiba kuku wa mama yake."

Uwanja mzima ulicheka. Bibi yangu, ambaye tangu asubuhi alikuwa anashikiliwa na watu wawili, alicheka mpaka akaomba maji. Mimi nilikuwa nimeegemea tumbo la Bi Zaina, nasikia kicheko kinapita ndani yake, na nikafikia uamuzi ambao nadhani mtoto yeyote mwenye akili angeufikia. Watu wazima walikuwa wanalia. Wameambiwa habari, wakaacha kulia. Basi habari ile ni ya kweli.

Hakuna aliyenieleza utani ni nini. Kwao ilikuwa kama kunieleza kwamba maji yanalowesha.

Kuanzia hapo nilikuwa na kazi. Baba atarudi mahindi yakikauka, na mimi sikujua lolote kuhusu watu wake. Ningemkosea. Ningemsalimia vibaya, au ningekimbia, au ningesimama mahali pasipofaa, naye angerudi alikotoka na isingewezekana kumwita tena. Watoto wengine walicheza. Mimi nilikuwa nasoma ukoo wangu bila kitabu na bila mwalimu.

Niliwaita Wambweha, ili nisiwachanganye na mbweha wa kawaida ambao ni wanyama tu. Nilianza na miili yao, kwa sababu kama baba ni Mbweha, na mimi ni mtoto wake, jambo hilo liko mwilini mwangu pia. Ushahidi ulikuwa mwingi mno. Meno yangu ya mbele yalikuwa yanalegea. Bibi alining'oa la kwanza kwa uzi, akaniambia nilirushe juu ya bati na nisigeuke nyuma kutazama, nami nikaelewa kwamba tunaficha. Jino la mtu linatoka, la Mbweha linaingia polepole, ndiyo maana lile jipya lilikuwa na misumeno midogo nikilipitishia ulimi. Chini kabisa ya mgongo nilikuta kifupa kigumu, nikakibonyeza kila nilipooga ili nijue kama kimeongezeka. Mkia wao umekunjwa humo. Macho yao yanawaka mwanga ukiyapiga, lakini wakiwa watu wanajifunza kuyazuia.

Na kubadilika kunaanza na joto. Hilo nililijua kwa mkono wangu mwenyewe. Mwili unapanda moto kuanzia masikioni, kwa sababu sikio ndilo lenye safari ndefu kuliko viungo vyote, linatakiwa likue lisimame. Ndipo moto unashuka kwenye taya, kwenye mabega, mpaka miguuni. Ile ya baba haikuwa homa. Mbweha wa baridi habadiliki. Kila asubuhi nilijishika masikio kabla sijafumbua macho, nikiogopa kuyakuta ya moto na nikiogopa zaidi kuyakuta ya kawaida.

Mila zao nilizipata nyumbani, kwa mama.

Mama alikuwa ameingia eda. Mtu mzima anajua maana yake. Mjane anakaa ndani kipindi kilichowekwa, hatoki ovyo, hajipambi, hajifukizi udi. Mimi niliona tu kwamba mama yangu, aliyekuwa akicheka mpaka majirani wa upande wa pili wa ukuta wanauliza kuna nini, sasa amekaa kwenye chumba cha nyuma amevaa nguo nyeupe tupu, hapaki wanja, hapaki hina, na kile kichupa chake cha manukato kimefungiwa kwenye sanduku la bibi. Nikiuliza kwa nini, bibi ananiambia nisimsumbue mama. Mama mwenyewe alikuwa haongei. Aliitikia, alikula kidogo, alinisuka nywele akakaza kuliko zamani, lakini jina la baba halikutoka mdomoni mwake hata mara moja.

Nilikaa nikaunganisha. Mume akibadilika, mke anaingia pangoni. Hatoki, ili mume asipate shida ya kumtafuta. Na hajipaki kitu chochote chenye harufu, kwa sababu Mbweha haoni kwa macho kama sisi, anaona kwa pua, na atamtambua mke wake kwa harufu yake mwenyewe na si kwa nyingine. Tone moja tu la manukato lingefuta njia yote kutoka porini mpaka mlangoni. Nilipofika hapo nilisikia amani ambayo nimeitafuta tangu wakati huo katika kila kitu ninachojifunza, ile ya kuona vipande vyote vimekaa. Mama hakuwa amenyamaza. Mama alikuwa anangoja, kama mimi.

Niliyemshirikisha ni Zuhura peke yake, binti wa baba mdogo, aliyenizidi umri kidogo na kunizidi ubishi sana. Tulikuwa tunapukuchua mbaazi nyuma ya jiko nilipomweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Muongo wewe," akasema. "Akigeuka nguo zinakwenda wapi?"

"Zinabaki. Si ulimwona Bi Zaina kazivaa?"

Akatafuna mbaazi mbichi akifikiri. "Na anaswali vipi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Zuhura akaona ameshinda, akaniita kichwa maji. Akaongeza la kuniumiza kabisa. Mbweha ni mbwa wa porini, akasema, na mbwa ni najisi, kwa hiyo baba yako hata akirudi haingii ndani, atakaa nje na sahani yake.

Siku kadhaa sikuweza kula vizuri. Nilimwona baba amekaa nje ya mlango na sahani yake. Mwishowe nilikwenda chuoni, kule tulikosoma Kurani, mapema kabla wenzangu hawajafika, nikamwamkia ustadhi, nikamuuliza kama mate ya mbweha yanatia najisi kama ya mbwa. Ustadhi alikuwa kijana bado, na sidhani kama alikuwa ameulizwa swali zito namna hiyo na mtoto asiye na meno ya mbele. Hakunicheka. Alifikiri, akasema mbwa ana hukumu yake na mbweha si mbwa, nyama yake hailiwi lakini mate yake hayana hukumu ile. Akauliza kama tuna mbweha nyumbani. Nikamwambia bado.

Nilirudi nikikimbia njia nzima. Zuhura akaniuliza nina nini, nikamwambia anaingia ndani, ustadhi kasema.

Kuanzia hapo Zuhura naye akaamini, au akaona kuamini kunamchangamsha. Tulipanga mengi. Wambweha hawaamkiani kwa shikamoo, mdogo anatoa mikono, mkubwa ananusa. Wanakula matunda zaidi ya nyama, tuliona mbegu za ukwaju kwenye vinyesi njiani. Hawamtaji aliyebadilika kwa jina, kwa kuwa jina linabaki na nguo, ndiyo maana bibi naye alisema marehemu, marehemu, mchana kutwa. Katika misiba yao hawalii, wanacheka, kwa sababu wanajua. Zuhura alipenda kutunga. Mimi nilipenda kuhakikisha. Kanuni ikipata tundu nilizunguka nayo uwanjani mpaka niizibe, na bibi akasema huyu mtoto ana nini, hakai, kama ana siafu mwilini.

Mahindi yakaanza kukauka. Kuku mmoja wa bibi akapotea.

Nyumba nzima ililaumu mbweha, na mimi nilikuwa sijawahi kusikia habari njema kama ile. Manyoya yalionekana kwenye njia ya kwenda mtoni. Nilikwenda kuyaangalia na nikasimama pale nikijaribu kunusa, na nadhani kweli nilisikia uchachu wa mkonge. Mbali na Ngombezi, kwenye mahindi ya bibi, nilisikia mkonge. Leo naweza kueleza jinsi pua inavyodanganywa na matumaini. Siku ile hapakuwa na cha kueleza.

Jioni nikamkuta baba mdogo amechuchumaa kando ya banda la kuku. Alikuwa mdogo wa baba wa kufuatana naye, mtu wa maneno machache, na tangu msiba maneno yenyewe yalikuwa yamezidi kupungua. Mbele yake kulikuwa na utumbo wa mbuzi kwenye kipande cha mfuko wa saruji, na alikuwa anaunyunyizia sumu ya panya. Aliniambia nikae mbali, ni ya mbweha.

Nilijua natakiwa niwe mpole. Wambweha hawapigi kelele. Lakini sauti ilitoka yenyewe.

"Baba mdogo, utamuua kaka yako."

Hakuinua kichwa. Mkono wenye sumu ukabaki hewani. Nikadhani hakusikia, nikataka kurudia, ndipo akasema taratibu, bila kunitazama, "Nani kakwambia?"

"Bi Zaina."

Akaishusha ile sumu chini. Kisha akaukunja ule utumbo ndani ya mfuko, akaukunja tena, akaenda nao chooni akautupa shimoni, akarudi akanawa kwa sabuni, na akaendelea kunawa hata povu lilipokwisha. Nilimsikia akimwambia bibi kwamba sumu ilikuwa imeingia unyevu, haifai. Kesho yake alilitengeneza banda upya kwa waya, vizuri kabisa, ila upande wa chini akaacha uwazi, na sikujua kama ni makusudi au ni haraka.

Mimi nilichoelewa ni kwamba anajua. Wote wanajua. Nilikuwa nimepata shahidi mtu mzima wa pili, baada ya Bi Zaina.

Baba hakuja siku ile wala wiki ile. Nilianza kukagua vitu mara mbilimbili, mlango wa chumba cha mama, uwazi wa banda, njia ya mtoni, kisha mlango tena. Zuhura alichoka, akarudi kucheza rede na wenzake. Nilikuwa nimebaki na hofu moja, na hofu hiyo ilikuwa inasogea yenyewe, kwa sababu wanawake walikuwa wameanza kuzungumzia eda kwisha. Walizungumza kwa furaha. Bibi alikuwa ameagiza kanga mpya ya mama kutoka mjini. Wangemwogesha, wangemfukiza udi, wangempaka manukato, wakamtoa nje watu wamwone. Yaani wangeifuta njia, na baba hajafika.

Siku yenyewe uwanja ulijaa tangu asubuhi. Wanawake walikuwa jikoni na Bi Zaina alikuwa katikati yao, sauti yake juu ya zote, akiwaambia pilau yao inanuka kama ya watu waliopika kwa kulazimishwa. Niliona bibi akifungua sanduku. Niliona kile kichupa kikiwekwa juu ya kitanda cha mama pamoja na kanga. Mama alikuwa anaoga. Nikaingia, nikakichukua, nikakaa sakafuni nyuma ya kitanda nimekifumbata kwa mikono miwili na magoti juu yake.

Mama alirudi akavaa. Nilimsikia akipapasa kitandani, akainua kanga, akaiweka. Kisha akainama akaniona.

Aliniomba nimpe. Nikakataa. Nilikuwa sijawahi kumkatalia kitu mama yangu, na nadhani hilo lilimshtua kuliko kichupa chenyewe. Akauliza nina nini. Nikamwambia, "Ukijipaka hatakujua."

Hakuuliza nani. Alikaa kitandani taratibu. Wakati huohuo mlango ukafunguliwa, Bi Zaina akaingiza kichwa, uso unang'aa kwa moto wa jikoni, akasema, "Haya mama mbweha, toka pangoni, watu wana njaa."

Nikamwangalia mama kama mtu aliyeletewa shahidi. Si unaona?

Mama alimwangalia Bi Zaina, akaniangalia mimi, akaangalia magoti yangu. Nikaiona sura yake ikibadilika anapoanza kuelewa.

"Mtani," akasema, "funga mlango. Na leo usinitanie."

Bi Zaina akavuta ile pumzi yake, akaiachia. Akafunga mlango. Nilizisikia ndala zake zikiondoka, mguu mmoja ukiburuzika.

Mama alishuka akakaa sakafuni na mimi, na nguo mpya yote. Akaniambia nimweleze. Nikamweleza kwa mpangilio, meno, mifupa, masikio, harufu, ustadhi, baba mdogo. Hakunikatiza. Nilikuwa naharakisha, kwa kuogopa kwamba nitasahau kipande na ataona tundu.

Nilipomaliza akasema, "Baba yako nilimwosha mimi."

Sikujua. Wanaume huoshwa na wanaume, na mke akitaka anaruhusiwa, lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mama alitaka. "Wazee walisema niache, nikakataa," akasema. "Mikono hii. Uliza unachotaka."

Nikauliza. Sijui mtu mzima yeyote angeweza kunivumilia kwa maswali yale. Nilimuuliza masikio. Akasema yalikuwa yaleyale, madogo, la kushoto lina kovu la kuanguka kwenye baiskeli. Nilimuuliza meno. Lile lililovunjika lilikuwa bado limevunjika. Kucha? Kucha zilikuwa na weusi wa mkonge, akasema, nilisugua, haukutoka, nikaambiwa yatosha. Mgongo je, kule chini? Alimgeuza, akamwosha mpaka chini, hapakuwa na kitu zaidi ya mgongo. Nywele za mkono? Zilezile. Nyayo? Zilezile, na ule ufa kwenye kisigino ambao kila siku alisema ataupaka mafuta.

"Labda alibadilika baadaye," nikasema. "Huko chini."

"Ya huko siyajui," mama akasema. "Nakwambia nilichokishika."

Lilikuwa limebaki swali moja na nilikuwa nalikwepa. Nikiwa mtu mzima nimejikamata nikifanya hivyohivyo, nakagua kila kitu isipokuwa kile kimoja kinachoshikilia vingine vyote. Nje mtu aligonga sufuria kwa mwiko na wanawake wakacheka.

"Alikuwa na joto?"

Mikono ya mama ilikuwa mapajani, viganja juu, na yeye alikuwa anaviangalia.

"Alikuwa wa baridi," akasema. "Maji niliyapasha moto kwa ajili yake, na bado alikuwa wa baridi."

Hakuwa ameijua ile kanuni. Nilikuwa nimemsimulia masikio tu, moto wenyewe niliuruka kwa haraka. Alisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Na mimi niliyekuwa nimeziba kila tundu kwa miezi, nilikaa pale nikatafuta cha kuzibia hilo, nikatafuta kweli, nikakosa. Nikalia. Mama naye akalia, kwa sauti, kama alivyokuwa akicheka zamani, na nje kelele za jikoni zikapungua zikaisha. Hakuna aliyekuja kugonga.

Akaanza kunisimulia habari zake. Jinsi alivyomwona mara ya kwanza pale stendi ya Korogwe anabishana na kondakta. Jinsi alivyokuwa anaogopa kinyonga. Alimtaja kwa jina, mara nyingi, kama mtu aliyeshikilia kitu mdomoni muda mrefu na sasa ameruhusiwa kukitema. Sikuuliza kitu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu mvua kukaa mahali pamoja.

Mwishowe bibi aliita kutoka nje, kwa upole, kwamba wageni wameketi. Mama akafuta uso kwa upindo wa kanga. Hakuniomba kichupa. Alinyoosha tu mikono yake miwili mbele yangu, vifundo juu, akangoja.

Kifuniko kilinishinda, mikono ilikuwa na jasho, akanifungulia akanirudishia. Nikampaka mkono wa kulia, nikampaka wa kushoto, nikaeneza kwa kidole. Kisha nikaona ule wa kulia sikuufikisha vizuri upande wa ndani, nikaurudia. Nje walikuwa wanamwita tena. Mama hakuitika. Aliniachia mikono nirudie mpaka niliporidhika.